Mbio za Sakafuni Huishia Ukingoni

Jinsi mkaaji wa Mashimoni awezavyo kujitayarisha kwa mbio ndefu bila kupoteza kazi wala afya

Kabla jua halijachomoza, njia za Mashimoni katika Kibera huwa zimekwisha kujaa watu. Mafundi, vibarua, watumishi wa nyumbani, na walinzi warudio kutoka zamu ya usiku hupishana katika vichochoro vyembamba, kila mmoja akiangalia asije akatia mguu mtaroni. Wengi hushika njia ya reli ya zamani ipitayo katikati ya Kibera, wakaenda kwa miguu mpaka kwenye viwanda vya Industrial Area. Anayechelewa langoni hukuta wengine wamekwisha kuchaguliwa kwa kazi, na siku hiyo hurudi nyumbani mikono mitupu.

Katikati ya umati huo huonekana pia mtu mmoja mmoja akikimbia. Hamfukuzi mwizi wala hakimbilii basi. Anajitayarisha kwa mashindano. Nia hiyo ni njema, tena yastahili kusifiwa. Walakini wengi huanza kwa moto mkubwa, na baada ya majuma mawili au matatu hawaonekani tena. Mmoja ameumia goti, mwingine amechoka hata kushindwa na kazi yake, na wa tatu amekata tamaa. Nguvu walikuwa nazo, wala uvivu si wao. Walichokosa ni mpango.

Mbio Zenyewe Zi Karibu

Mbio kubwa za Nairobi Marathon zilianza mwaka 2003, zikidhaminiwa na benki ya Standard Chartered, na kwa kawaida hufanyika mwezi wa Oktoba. Miaka mingi zilianzia na kumalizikia katika uwanja wa Nyayo. Miaka ya karibuni zimepelekwa kwenye barabara ya Southern Bypass, ile ipitayo baina ya upande wa kusini wa Kibera na msitu wa Ngong. Kwa hiyo mbio ambazo zamani zilikuwa jambo la mjini sasa zapita karibu na mlango wa mkaaji wa Mashimoni.

Mbio kamili ni kilometa 42 na meta 195, yaani maili 26 na zaidi kidogo. Kipimo hiki kilitumiwa katika michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, na mwaka 1921 kikathibitishwa kuwa kipimo cha dunia nzima. Pamoja nazo kuna mbio za nusu, kilometa 21, na za kilometa 10. Mtu ambaye hajapata kushindana yampasa aanze na 10 au 21. Yule atakaye kuruka moja kwa moja hadi 42 ni kama mkulima mgeni alimaye ekari ishirini mwaka wa kwanza: magugu yatamshinda kabla hajaona mavuno.

Somo la Mwaka 1954

Si aibu kukosea mwendo, maana hata mabingwa wa mwanzo wa nchi hii walijifunza kwa taabu. Mwezi wa Julai mwaka 1954 wakimbiaji wawili kutoka Kenya, Lazaro Chepkwony na Nyandika Maiyoro, walikwenda London kushindana katika uwanja wa White City. Lazaro alikimbia miguu mitupu katika mbio za maili sita. Alikuwa akienda kasi ghafula, kisha akapunguza, kisha akaenda kasi tena, hata watazamaji wakastaajabu. Lakini msuli wake ulimuuma, akatoka kabla mbio hazijaisha.

Nyandika naye, katika mbio za maili tatu, alitoka kwa kasi kubwa akawaacha wenzake nyuma. Waingereza wawili, Fred Green na Chris Chataway, wakamfikia na kumpita, naye akamaliza wa tatu. Nyandika hakuvunjika moyo. Mwaka 1956 Kenya ilipoingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne, alimaliza wa saba katika meta 5,000. Mwaka 1960 huko Roma alikuwa wa sita. Alizidi kupanda kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Hata hali ya hewa ina somo lake. Mwaka 1968 Olimpiki ilifanyika katika mji wa Mexico, ulio juu ya usawa wa bahari zaidi ya meta 2,200, mahali ambapo hewa ni nyepesi. Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya meta 10,000, alimaliza wa sita akaanguka amezimia. Naftali Temu wa Kenya alishinda, akaipatia nchi yake nishani ya kwanza ya dhahabu. Lakini hata yeye alitumia dakika 29 na sekunde 27, muda mrefu kuliko rekodi ya Clarke kwa karibu dakika mbili. Nairobi nayo iko juu, kama meta 1,700. Kwa hiyo mkimbiaji wa Kibera asijipimie kwa saa za watu wa pwani wala za Ulaya. Ajipimie kwa pumzi yake mwenyewe.

Kuhesabu Kuanzia Mwisho

Mkulima mwenye akili haanzi kulima siku mvua inyeshapo. Huitazama tarehe ya mvua, akahesabu kurudi nyuma: siku za kufyeka, siku za kulima, siku za kutafuta mbegu. Vivyo hivyo mkimbiaji aiandike kwanza siku ya mashindano, kisha ahesabu majuma kurudi nyuma. Kwa mbio za kilometa 21, majuma 16 yamtosha mtu mwenye afya aliyezoea kutembea. Ikiwa mbio zitakuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, mazoezi yataanza mapema mwezi wa Julai. Jambo hili ni la bahati njema, kwa kuwa kutoka Juni hadi Agosti Nairobi huwa na baridi na mvua chache, na njia za Mashimoni, ambazo wakati wa masika hugeuka tope na vijito, hupitika.

Katika kila juma siku nne za kukimbia zatosha. Jumanne, mwendo wa polepole wa dakika 30 hadi 40. Alhamisi, vivyo hivyo katika majuma manne ya kwanza. Baadaye siku hii itakuwa ya kasi. Ijumaa, dakika 20 au 30 za wepesi. Jumapili, safari ndefu. Anayekwenda kanisani asubuhi aweza kuihamishia safari ndefu Jumamosi, na Mwislamu apunguze mazoezi mwezi wa Ramadhani, akikimbia kidogo karibu na saa ya kufuturu au baada yake.

Safari ndefu ndiyo nguzo ya nyumba. Juma la kwanza iwe kilometa 6, la pili 7, la tatu 8. La nne irudi 6 ili mwili upumzike. Juma la tano iwe 9, la sita 10, la saba 12. La nane irudi 8. La tisa 13, la kumi 14, la kumi na moja 16; la kumi na mbili irudi 11. La kumi na tatu 17, la kumi na nne 18. Kisha juma la kumi na tano ipunguzwe hadi 10, na mwisho wa juma la kumi na sita ndiyo mashindano. Msomaji ataona ya kuwa kilometa 21 zenyewe hazimo katika mazoezi. Haina haja. Mtu aliyefika 18 akiwa mzima, kisha akapumzika, atafika 21 siku yenyewe.

Wengi huyaona majuma ya kurudi nyuma kuwa ya bure. Hapo ndipo wanapokosea. Misuli na mifupa hailetewi nguvu na kukimbia peke yake; kukimbia huichokoza, na ni katika kupumzika ndipo ijengekapo upya ikawa imara kuliko kwanza. Mifupa na mishipa iunganishayo misuli hukawia zaidi kuzoea kuliko moyo na mapafu. Ndiyo sababu mtu aweza kujiona ana pumzi tele katika juma la tatu, akaongeza mwendo, na katika juma la tano akavunjika.

Mwendo wa polepole una kipimo chepesi kisichohitaji saa. Mkimbiaji aongee na mwenzake. Akiweza kusema maneno kumi kwa mfululizo bila kukatika pumzi, mwendo huo ni sawa. Asipoweza, na apunguze. Tangu juma la tano, Alhamisi ajaribu kasi: baada ya kupasha mwili moto kwa dakika kumi, aende haraka dakika moja na polepole dakika mbili, mara sita, kisha mara nane majuma yafuatayo. Kibera ina mabonde mengi, nayo kazi hii yaweza kufanywa kwa kupanda mteremko na kurudi ukitembea. Namna hii ya kubadilisha mwendo si ngeni. Emil Zatopek wa Chekoslovakia alijulikana kwa mazoezi ya kurudia-rudia, na mwaka 1952 huko Helsinki alishinda meta 5,000, meta 10,000 na marathon katika michezo ile ile.

Miguu ya Kazini Nayo Ihesabiwe

Hapa ndipo mpango wa mtu wa Mashimoni utofautianapo na mipango iandikwayo kwa watu wengine. Mtu aendaye kazini kwa miguu asubuhi na kurudi jioni, na katikati akabeba mifuko ya saruji au kusimama kwenye mashine siku nzima, amekwisha kufanya mazoezi makubwa. Mwili haujui tofauti kati ya uchovu wa mshahara na uchovu wa michezo. Wote huandikwa katika daftari moja. Kwa hiyo siku ya kazi nzito asiongeze mbio ndefu juu yake. Afadhali apunguze dakika kuliko kuongeza madeni.

Jambo hili lataka kufikiriwa kwa makini, kwa maana mtumishi wa mshahara wa mwezi akiumia mguu aweza kuomba likizo ya ugonjwa. Kibarua akiumia, hupoteza mbio na posho ya siku pamoja, na jioni watoto wake humtazama mikononi. Mpango mwema, basi, kazi yake ya kwanza si kumfanya mtu awe mwepesi. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia mbio zisile chakula cha nyumba.

Yapasa pia kutofautisha maumivu. Uchungu wa misuli uletwao na kazi ngeni, ukiwa katika miguu yote miwili na kupungua baada ya siku mbili au tatu, si jambo la kuogopesha. Lakini uchungu ulio mahali pamoja penye mfupa, uzidio kila siku na kumfanya mtu achechemee, huo ni onyo. Aache kukimbia na kwenda zahanati. Na anayepatwa na maumivu ya kifua, au kuzimia akikimbia, asingoje hata siku moja, aende hospitali.

Viatu na Njia

Ni kweli Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathon ya Roma mwaka 1960 miguu mitupu. Lakini barabara za Roma hazikuwa na misumari, vipande vya chupa na mabati yaliyochakaa. Katika soko la Toi, lililo jirani na Kibera, huuzwa viatu vya mitumba vya kila aina. Mnunuzi asivutwe na rangi. Aingize kidole baina ya kidole gumba cha mguu na ncha ya kiatu aone kama kuna nafasi. Avikunje soli kwa mkono aone kama haijakauka na kupasuka. Tena aviweke mezani avitazame kwa nyuma. Kiatu kilicholalia upande mmoja kimekwisha kuzoea mguu wa mwenyewe wa kwanza, nacho kitampotosha wa pili. Viatu vipya asivivae kwa mara ya kwanza siku ya mashindano.

Kuhusu njia, udongo ni rafiki wa magoti kuliko lami. Walakini asikimbie mtu peke yake msituni au gizani, wala kando ya reli bila kusikiliza treni. Vijana wanne au watano wakipatana saa na mahali pa kukutana watapata faida mbili: usalama, na haya ya kubaki kitandani wakati wenzao wanangoja.

Wanawake nao wasisahauliwe. Tegla Loroupe wa Kenya alishinda marathon ya New York mwaka 1994, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuishinda, na mwaka 1998 huko Rotterdam akaweka rekodi ya dunia. Lakini mwanamke wa Mashimoni ambaye ndiye ateke maji, awashe jiko na kuwatayarisha watoto kwenda shule, atapata wapi dakika arobaini? Atazipata ikiwa mume wake atabeba mtungi siku tatu katika juma. Huo nao ni sehemu ya mpango, na yafaa uandikwe.

Chakula na Maji

Mkimbiaji hahitaji vyakula vya kopo vilivyo ghali. Ugali, githeri, viazi, ndizi na uji wa wimbi humpa nguvu za kukimbilia. Maharagwe, omena, mayai na maziwa humjenga misuli. Sukuma wiki na mboga nyingine za majani humsaidia damu. Mwili huweka akiba ya sukari katika misuli na ini, lakini akiba hiyo ina mwisho. Wakimbiaji wengi wa mbio kamili huiona ikiwaishia karibu na kilometa ya 30, na hapo miguu huwa mizito kama magogo. Kwa hiyo mtu asiende safari ndefu na tumbo tupu tangu jana yake.

Paul Tergat, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathon huko Berlin mwaka 2003, alizaliwa Baringo katika sehemu yenye njaa, naye amesimulia jinsi chakula kilichotolewa shuleni kilivyomwezesha kusoma na kukimbia. Mwaka 2004 Shirika la Chakula Duniani lilimfanya balozi wake wa kupigana na njaa. Mtu ambaye katika juma fulani chakula kimepungua nyumbani, na apunguze mbio juma hilo. Hilo si kushindwa, ni hesabu njema.

Maji katika Mashimoni hununuliwa kwa mtungi wa lita ishirini, na mkimbiaji anywa zaidi na kuoga zaidi. Gharama hii iingizwe katika hesabu ya nyumba tangu mwanzo, isije ikaleta ugomvi. Anywe kwa kadiri ya kiu, na maji yawe yamechemshwa au kutiwa dawa. Maana ugonjwa wa kuhara waweza kuharibu kazi ya miezi miwili kwa siku mbili. Wala asinywe kupita kiasi siku ya mashindano, kwani maji mengi mno huipunguza chumvi ya damu, na hilo ni hatari.

Watu wakija na vidonge au sindano za kuleta nguvu, wakimbiwe wao. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 na shirika la kupambana na dawa hizo, na mabingwa wenye majina makubwa wamefungiwa michezo kwa sababu yake. Aliyeharibu jina lake kwa dakika mbili hatalirudisha kwa mbio za miaka kumi.

Daftari la Shilingi Chache

Eliud Kipchoge, ambaye mwezi wa Oktoba 2019 huko Vienna alikimbia kilometa 42 na meta 195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ana desturi ya kuandika mazoezi yake yote katika daftari kila siku, na amekuwa akifanya hivyo kwa miaka mingi. Mbio zile za Vienna hazikuandikwa kuwa rekodi, kwa vile alisaidiwa na watu waliopokezana kumwongoza; lakini daftari lake ni mali ambayo hata maskini aweza kuinunua. Mstari mmoja kwa siku watosha: tarehe, dakika, jinsi miguu ilivyokuwa, usingizi, na kazi ya siku hiyo. Baada ya mwezi mmoja mwenye daftari ataona mwenyewe kwa nini Alhamisi fulani alikuwa mzito, na hatahitaji kumwuliza mganga.

Siku ya mashindano, aliyejitayarisha ataanza nyuma kidogo, akiwaacha wenye haraka watangulie. Kilometa tano za kwanza ziwe nyepesi hata aone kama anachelewa. Kuanzia kilometa ya 15 atawaona wale wa mbele mmoja mmoja, mikono viunoni.

Zawadi za fedha huchukuliwa na wachache sana, na yafaa jambo hili lisemwe wazi, ili mtu asiache kazi yake kwa kutumaini bahati. Lakini kila amalizaye hurudi nyumbani na kitu. Moyo wake una nguvu, amejifunza kupanga miezi minne mbele, na watoto wake wamemwona akiamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu aliahidi kuamka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Lakini mbio zilizopangwa huanzia Mashimoni, zikapita kando ya msitu, zikarudi salama nyumbani, na asubuhi ya Jumatatu mwenyewe yuko langoni kwa wakati.